Ubatizo wa Wamormoni kwa ajili ya wafu: kwa nini mgogoro na Wayahudi haukuishia kwenye makubaliano ya 1995?

Mjukuu wa Upare ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu.

Binamu yangu anayeishi Nairobi alijiunga miaka kadhaa iliyopita na Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambalo wengi wetu tunaliita kwa kifupi kanisa la Wamormoni. Tangu hekalu lao la Nairobi lilipowekwa wakfu mwezi Mei 2025, amekuwa akinipigia simu kuniomba majina kamili ya babu na bibi yetu, mwaka waliozaliwa, mwaka waliofariki na kijiji walikozikwa. Mwanzoni nilifurahi, nikidhani anaandika historia ya ukoo. Baadaye alinieleza mwenyewe, bila kuficha, kwamba anakusudia kuzamishwa majini hekaluni kwa niaba ya babu, na mkewe afanye hivyo kwa niaba ya bibi. Babu yetu alikuwa Mlutheri, tena mzee wa kanisa, aliyebatizwa na kuzikwa kwa taratibu zote za kanisa lake.

Katika kutafuta kulielewa jambo hili nimekutana na habari za mgogoro wa muda mrefu kati ya kanisa hilo na Wayahudi, hasa manusura wa Maangamizi yaliyofanywa na Wanazi, ila nilichosoma ni vipande vipande. Naomba wenye ujuzi wanieleze mafundisho haya yalianzia wapi, na kwa nini mgogoro uliendelea ilhali pande mbili zilikwisha kutia saini makubaliano. Liko pia jambo linalonitatiza zaidi ya hayo: ikiwa Myahudi haamini kabisa kwamba ubatizo huo una nguvu yoyote, basi kwake yeye kilichotokea ni kijana fulani huko Marekani kulowana maji tu. Kwa nini kimuumize? Siulizi kwa kejeli. Mimi mwenyewe siuamini ubatizo huo, na bado nilipoelezwa habari ya babu nilihisi kitu kikinikaba ambacho hadi leo sijakipatia jina.

Muumini wa Buruburu amejibu:

Ndugu Mjukuu wa Upare, mimi ni muumini wa kanisa hilo hapa Nairobi, kwa hiyo unisome ukijua nimesimama upande gani.

Chanzo ni msiba. Nabii wetu wa kwanza, Joseph Smith, alifiwa na kaka yake Alvin mwaka 1823, miaka 7 kabla ya kanisa kuanzishwa, na familia ilichomwa sana na mahubiri ya mazishi yaliyodokeza kwamba kijana yule mwema amepotea kwa kuwa hakuwa mshiriki wa kanisa lolote. Tarehe 15 Agosti 1840, katika mazishi ya mtu aitwaye Seymour Brunson kwenye mji wa Nauvoo, Illinois, Smith alihubiri kwa mara ya kwanza kwamba walio hai wanaweza kubatizwa kwa niaba ya waliokufa, akiegemea Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho 15:29, pale Paulo anapowataja wale wabatizwao kwa ajili ya wafu. Mwezi uliofuata mama mmoja, Jane Neyman, aliingia katika mto Mississippi akabatizwa kwa ajili ya mwanawe marehemu. Utaona kwamba siku zile mwanamke aliweza kumsimamia mwanamume. Utaratibu wa mwanamume kwa mwanamume na mwanamke kwa mwanamke uliwekwa baadaye. Novemba 1841 ibada ilihamia katika birika la mbao lililobebwa na sanamu za ng'ombe 12, mfano wa ile bahari ya Sulemani, yaani birika kubwa la shaba la hekalu lake, na hadi leo mabirika ya mahekalu yetu yamejengwa hivyo.

Tunachofundishwa ni kwamba Mungu hawezi kumhukumu mtu kwa ibada ambayo hakupata nafasi ya kuipokea. Roho ya marehemu inafundishwa huko iliko, na ina hiari kamili ya kuupokea ubatizo au kuukataa. Jina lake haliingizwi katika orodha ya waumini wa kanisa. Kwetu ni sawa na kumpelekea mtu barua ya mwaliko: akitaka ataifungua, asipotaka ataiacha mezani.

Kuhusu Wayahudi, sitatetea yaliyofanyika. Barua ya Urais wa Kwanza, yaani uongozi wetu wa juu kabisa, ya tarehe 29 Februari 2012, iliyosomwa katika makusanyiko yetu, ilikataza bila kubakiza mwanya kupeleka majina ya watu mashuhuri na ya Wayahudi waliouawa katika Maangamizi. Nilikuwepo iliposomwa, na nakumbuka wengi wetu tulitazamana, kwa kuwa hatukuwahi hata kusikia kwamba jambo hilo linatendeka.

Mwalimu wa Historia, Morogoro, amejibu:

Namshukuru ndugu wa Buruburu kwa uungwana wake. Naomba niongeze upande wa pili, na mnivumilie nikirefusha.

Kwanza tuelewe majina yalifikaje hekaluni, kwa sababu wengi hudhani kwamba kuna mtu aliyekaa akasema, "Tuwabatize Wayahudi." Kanisa hili lilianzisha chama chake cha nasaba huko Utah mwaka 1894, na kuanzia 1938 likaanza kupiga picha za rejista za vizazi, ndoa na vifo katika nchi nyingi, ambazo leo zimehifadhiwa katika mikanda zaidi ya milioni 2 ndani ya mahandaki yaliyochimbwa kwenye mlima wa mawe karibu na Salt Lake City. Muumini alitakiwa kuwatafuta wazee wake mwenyewe, lakini kulikuwa pia na kazi ya kunakili majina kwa wingi kutoka katika rejista bila kujali undugu. Wapo waliochukua orodha za wahanga wa Wanazi wakaziingiza zote, kwa nia njema kabisa, wakiamini kwamba hakuna marehemu anayestahili huruma kuliko hao.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 aligundua hilo Ernest Michel, Myahudi mzaliwa wa Mannheim aliyenusurika Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi. Huyu si mtu wa kawaida katika historia: baada ya vita alikuwa mwandishi wa habari katika kesi za Nuremberg, walikoshtakiwa viongozi wa Wanazi, na chini ya jina lake aliandika namba aliyochanjwa mkononi kambini. Wazazi wake waliuawa Auschwitz. Sasa fikirieni mtu huyo, asiye na kaburi la baba wala la mama, anafunua kumbukumbu za watu wengine na kukuta wazazi wake wameandikwa kwamba wamebatizwa. Ilipohesabiwa, majina ya wahanga yaliyokuwa yamepelekwa yalikuwa yapata 380,000.

Mazungumzo yalizaa makubaliano ya Mei 1995. Kanisa liliahidi kuyafuta majina hayo katika orodha yake kuu ya nasaba na kutopokea tena majina ya Wayahudi, isipokuwa wale ambao ni wazee wa moja kwa moja wa muumini aliye hai, au ambao ndugu wote wa karibu walio hai wameridhia kwa maandishi. Tatizo likawa kwamba ahadi ilitiwa saini na viongozi, ilhali majina yalipelekwa na maelfu ya waumini mmoja mmoja, kila mtu na kompyuta yake. Helen Radkey, mtafiti wa Salt Lake City aliyewahi kuwa Mmormoni, aliendelea kuyakuta majina ya Wayahudi katika kumbukumbu mwaka hata mwaka, mengine yakiwa ni yaleyale yaliyokwisha kufutwa. Novemba 2008 Michel alitangaza kwamba upande wake unaacha mazungumzo. Septemba 2010 pande hizo zilitoa tamko la pamoja, zikieleza kwamba mfumo mpya wa kompyuta na kanuni mpya zitaziba pengo.

Haukupita mwaka mmoja na nusu. Mapema 2012 ikafahamika kwamba wazazi wa Simon Wiesenthal, yule aliyeyatoa maisha yake kuwasaka wauaji wa Kinazi, wamebatizwa kwa niaba. Mama yake aliuawa mwaka 1942. Kanisa liliomba radhi na kumnyang'anya aliyepeleka majina hayo ruhusa ya kuutumia mfumo. Jina la Elie Wiesel, manusura na mshindi wa Tuzo ya Amani ya Nobel, lilikutwa limeingizwa katika orodha pamoja na la baba yake, na Wiesel mwenyewe alikuwa hai anasoma magazeti! Alimtaka Mitt Romney, Mmormoni aliyekuwa akiwania urais wa Marekani, awaambie wenzake waache. Siku chache baadaye ikajulikana kwamba tarehe 18 Februari, katika hekalu la Santo Domingo, Jamhuri ya Dominika, amebatizwa kwa niaba Anne Frank, yule msichana wa Kiyahudi aliyeacha shajara mashuhuri aliyoiandika mafichoni. Ndipo ikaja ile barua aliyoitaja ndugu yetu.

Sasa nije kwa swali lako, kwa nini kimuumize asiyeamini. Kwa Myahudi, neno "ubatizo" halisimami peke yake. Mwaka 1497 Wayahudi wa Ureno walibatizwa kwa nguvu kwa maelfu. Mwaka 1858, katika mji wa Bologna uliokuwa chini ya Papa, askari walimchukua Edgardo Mortara, mtoto wa miaka 6, kutoka kwa wazazi wake kwa sababu mtumishi wa nyumbani alidai kwamba alimbatiza kwa siri alipokuwa mgonjwa. Hakurudishwa, na alikuja kuwa padre. Wazazi wa Mortara hawakuamini kwamba matone yale ya maji yalibadilisha chochote, na bado yaliwapokonya mtoto. Kwa karne nyingi Wayahudi wengi walichagua kufa kuliko kubatizwa, na kifo hicho wanakiita kulitakasa Jina. Kumfanyia mtu huyo ibada ileile baada ya kifo chake, hata kama ni mwaliko tu, ni kuuliza tena swali ambalo alikwisha kulijibu kwa damu.

Kuna na hili la kumbukumbu. Jumba la Israeli la kuwakumbuka wahanga linaitwa Yad Vashem, maneno yaliyotoka katika Isaya 56:5, ambapo Mungu anawaahidi wasio na watoto ukumbusho na jina. Humo mna ukumbi wa majina, na kazi yake ni kukusanya jina la kila aliyeuawa, kwa kuwa wengi hawakuacha kitu kingine chochote duniani. Katika mazingira hayo, kuliandika jina hilohilo katika daftari la dini nyingine si jambo dogo. Michel na wenzake walihofu pia kwamba mtu wa miaka 200 ijayo atalikuta daftari hilo na kusema kwamba hawa hawakuwa Wayahudi. Tusisahau kwamba Wanazi wenyewe hawakujali ubatizo: Edith Stein alibatizwa kuwa Mkatoliki mwaka 1922, akawa mtawa, na Agosti 1942 akauawa Auschwitz kwa sababu alizaliwa Myahudi.

Binti wa Mkunazini amejibu:

Assalaam alaykum. Nimesoma maelezo ya Mwalimu nikakumbuka kwamba sisi huku Zanzibar nasi tuna ibada za kuwafanyia marehemu. Mtu aliyefariki bila kuhiji huku uwezo alikuwa nao, mwanawe humhijia au humlipa mtu akamhijie, na hitima tunasoma kila leo. Kwa hiyo wazo la aliye hai kumtendea maiti ibada si geni wala si la kuchekwa, na Wakatoliki nao wana misa zao.

Lakini tutazame tofauti. Anayehijiwa ni Mwislamu aliyekufa akiwa na deni la faradhi ya dini yake mwenyewe, na anayemlipia anajua kwamba marehemu angelipenda lilipwe. Sijapata kusikia mtu akimhijia jirani yake Mhindu. Tungefanya hivyo, hata kwa mapenzi makubwa, jamaa zake wangekuja mlangoni, na wangekuwa na haki.

Ndugu wa Buruburu, ule mfano wako wa barua ya mwaliko ni mzuri, ila barua ya mwaliko hupelekwa na mtu kwa jina lake mwenyewe. Hapa mtu anasimama majini akiitwa kwa jina la marehemu.

Muumini wa Buruburu amejibu:

Dada wa Mkunazini, umenigusa mahali panapouma, nami nalipokea. Niseme tu kwamba si Wayahudi wote wenye mtazamo mmoja. Wamo marabi waliosema hadharani kwamba ibada isiyo na nguvu haiwezi kumdhuru Myahudi, na kwamba hasira hiyo ingeelekezwa kwingine. Pia mjue kwamba kanisa letu lilipojenga kituo chake cha masomo juu ya Mlima Scopus, Yerusalemu, katika miaka ya 1980, Wayahudi wa Kiorthodoksi walipinga vikali, likatia saini kwamba halitahubiri dini kwa watu wa huko. Wanafunzi wanaokwenda wanalizingatia hilo hadi leo. Huwa najiuliza kwa nini tuliweza kuwaheshimu Wayahudi walio hai kirahisi namna hiyo, tukashindwa kwa waliokufa.

Jibu langu ni kwamba kwetu hao hawajafa sawasawa. Mafundisho na Maagano, kimojawapo cha vitabu vyetu vya maandiko, yanasema kwamba wao pasipo sisi hawawezi kukamilika, wala sisi pasipo wafu wetu. Kumwambia muumini kwamba kuna kundi la watu asiloruhusiwa kuligusa ni kumwambia kwamba ufunguo anaoamini amepewa kwa ajili ya wote hauwahusu baadhi. Sisemi kwamba ni sababu ya kuvunja ahadi. Nasema ndiyo maana haikutosha kuandika katazo, na mfumo wa kompyuta ukalazimika kuyanasa majina yenyewe kabla hayajafika hekaluni.

Mwalimu wa Historia, Morogoro, amejibu:

Hapo kwenye mfumo kuna jambo la kuongeza. Baada ya sakata la 2012 majina yenye utata yalifungiwa, na watafiti wa nje ya kanisa hawakuweza tena kuona yametendewa nini. Kanisa lilieleza kwamba ni kinga. Wakosoaji walisema kwamba kilichofungwa ni dirisha walilokuwa wakichungulia. Hata hivyo Desemba 2017 shirika la habari la AP liliripoti kwamba Radkey alikuwa amekuta wahanga wasiopungua 20 waliobatizwa kwa niaba katika miaka 5 iliyotangulia. Ukilinganisha 20 na 380,000 utaona kwamba hatua kubwa imepigwa, na ni haki kulisema hilo.

Ila kasoro ninayoiona mimi imo ndani ya kanuni yenyewe, wala si ya kompyuta. Kanuni ya jumla ya kanisa, inayowahusu wafu wa kila taifa, ni kwamba marehemu aliyezaliwa ndani ya miaka 110 iliyopita asitendewe ibada hizi bila ridhaa ya jamaa yake wa karibu zaidi aliye hai. Ni kanuni nzuri mahali ambapo ukoo upo. Lakini Anne Frank alikufa katika kambi ya Wanazi ya Bergen-Belsen akiwa na umri wa miaka 15, pamoja na dada yake. Hakuwa na mume wala mtoto, kwa hiyo hapakuwa na mtu yeyote duniani ambaye angeweza kumdai kuwa mzee wake wa moja kwa moja. Na ziko familia ambazo hakubaki hata mmoja wa kuombwa ridhaa, kwa sababu waliopaswa kuombwa waliuawa pamoja na marehemu siku ileile. Ndiyo maana manusura kama Michel, ambao hawakuwa na undugu na wengi wa wale 380,000, walijiona wana wajibu wa kuwasemea wote.

Wakatoliki, kwa upande wao, waliamua kufunga mlango wenyewe: Aprili 2008 Vatikani iliyaagiza majimbo yasiipe tena taasisi hiyo ya nasaba rejista za parokia. Wayahudi hawakuwa na mlango wa kufunga, maana orodha za wahanga zilichapishwa makusudi ili zisomwe na kila mtu.

Mjukuu wa Upare amejibu:

Nawashukuru nyote, na hasa ndugu wa Buruburu, ambaye angeweza kunyamaza.

Sikuwa naijua kanuni ya miaka 110. Babu alizaliwa mwaka 1921, hivyo yumo ndani yake, na bibi alimtangulia kufariki. Kwa hesabu hiyo mwenye kuombwa ridhaa si mimi wala si binamu, ni shangazi yetu, binti mkubwa wa babu, ambaye yu hai kijijini na masikio yake bado ni mazima. Jana jioni nilimpigia simu, nikamwamkia, nikamweleza yote taratibu, pamoja na habari za Wayahudi kama mlivyonifundisha. Alikaa kimya muda mrefu, nikadhani mtandao umekatika. Kisha akaniuliza ni jina gani litakalotajwa pale majini, lile la ubatizo ambalo babu alipewa na wamisionari, au lile alilopewa na mama yake siku alipozaliwa.

Nilimwambia kwamba sijui. Akasema binamu aje amwone, akiwa na nauli yake mwenyewe, amjibu hilo kwanza ndipo wazungumze.